Chanzo Kikifungwa, Mfongo Hukauka

Mwishoni mwa mwezi uliopita nilikwenda Marangu kumzika mzee mmoja wa ukoo wetu. Wakati wa kurudi nilisimama Himo. Wanaoifahamu njia hiyo wanajua kwamba Himo si mji wa kupita tu, ingawa wengi huupita. Hapo, kilomita zipatazo 25 mashariki ya Moshi, ndipo barabara zinapogawana wasafiri: wa Dar es Salaam na Tanga hushuka kupitia Mwanga na Same, wa Kenya huendelea hadi Holili na kuvukia Taveta, na wa Rombo hupanda mlima kupitia Marangu. Mahindi, maharage na ndizi hukutana hapo kabla ya kila kimoja kupata lori lake.

Nilikuwa na waraka wa kutuma kabla ya saa kumi jioni, na simu yangu ilikuwa imeishiwa chaji. Nikaingia katika duka moja la stesheneri. Lilikuwa limejaa vijana wanaojaza maombi ya mikopo ya elimu ya juu: kompyuta kumi, laini moja ya intaneti, na foleni iliyofika barazani. Nilijiandaa kusubiri, kwa maana nimezoea kwamba penye watu wengi na laini moja, anayepakua filamu humnyima nafasi anayetuma fomu. Haikuwa hivyo. Waraka wangu uliondoka kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia ofisini kwangu chuoni.

Mwenye kuitunza mitambo ile, kijana wa miaka thelathini hivi, akatoka nyuma ya meza. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia marahaba. Uso niliukumbuka, jina halikuja. Nilipomsifu kwa kasi ya mtandao wake alicheka, akanipeleka kwenye rafu iliyo nyuma ya mashine ya fotokopi. Hapo palikuwa na kasha la kompyuta kuukuu, limeondolewa ubavu mmoja, na ndani yake bodi ya kijani yenye matundu manne ya nyaya za mtandao. Kwenye pembe ya bodi hiyo mtu alikuwa ameandika namba kwa rangi nyeupe. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa namba ya maabara yetu.

Ndugu msomaji, makala hii ni hoja, lakini inaanza na kukiri kosa. Bodi zile tulipewa na wahisani miaka mingi iliyopita. Zilikuwa bodi za vichakataji vya mtandao, vifaa vinavyobuniwa kwa kazi moja: kupokea data, kuipanga na kuipeleka inakotakiwa kwa kasi ambayo kompyuta ya kawaida haiwezi. Zilifanya kazi kwa muda. Kisha tukaboresha mfumo wa seva zetu, na siku hiyo hiyo bodi zikawa bubu. Programu ya kuziendesha ilikuwa imetengenezwa kwa toleo la zamani la mfumo. Tulipomwandikia mtengenezaji, tulijibiwa kwamba bidhaa hiyo imefikia mwisho wa maisha yake na kwamba tunashauriwa kununua mpya. Hatukuwa na fedha za kununua mpya. Bodi zilikuwa nzima, hazikuungua wala kuvunjika, lakini tuliziorodhesha kama vifaa chakavu, zikapigwa mnada. Sahihi iliyo chini ya orodha hiyo ni yangu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kabla ya mnada huo, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho aliomba kufanya mradi wake juu ya bodi hizo. Alitaka kuziandikia kiendeshi kipya, na akiweke wazi ili yeyote akitumie. Nilikuwa mmoja wa watahini watatu. Wenzake walikuja na programu za simu zenye rangi na picha. Yeye alikuja na skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Nilimwuliza swali ambalo leo linanionea aibu: "Umetengeneza nini ambacho mtu anaweza kukiona?" Tulimpa C. Programu za simu zilizopata A siku ile, sijui hata moja iliyo hai leo. Bodi ya C inahudumia watu Himo.

"Mwalimu," aliniambia akicheka, "bodi haijui kwamba nilipata C."

Kiendeshi ni nini, na kwa nini mwanasiasa ajali

Naomba subira ya wasomaji wasio wa fani hii, kwa sababu bila kuelewa jambo hili dogo hatutaelewa lile kubwa.

Ndani ya kila mfumo wa kompyuta kuna sehemu iitwayo kiini. Kiini ndicho kinachoamua programu ipi ipate muda wa kichakataji, ipi ipate kumbukumbu, na nani azungumze na vifaa. Lakini kiini hakijui lugha ya kila kifaa duniani. Kati ya kiini na kifaa husimama mkalimani, naye ndiye kiendeshi. Mkalimani akikosekana, kifaa kizima cha mamilioni ya shilingi hakina tofauti na tofali.

Kiendeshi cha bodi ya mtandao kina kazi ngumu kuliko vingi. Kwanza lazima kiitambue bodi na kuombewa eneo la kumbukumbu litakalotumiwa kwa pamoja na bodi na kiini. Katika eneo hilo hupangwa mduara wa nafasi, mfano wa ndoo zilizopangwa bombani. Bodi hujaza ndoo kwa pakiti za data zinazoingia. Kiini huzimimina na kuzirudisha tupu kwenye foleni. Kila ndoo ina alama ya kuonyesha iko mikononi mwa nani. Kiini kikichota kabla bodi haijamaliza kumimina, data huharibika. Bodi ikijaza ndoo ambayo kiini hakijaimwaga, data hupotea.

Mwanafunzi wangu alinieleza kwamba katika miezi mitatu ya kwanza pakiti zilikuwa zikitoweka kila baada ya saa chache, bila kanuni yoyote. Aliandika upya sehemu nzima mara mbili. Mwishowe aligundua kwamba kichakataji kilikuwa kikisoma nakala ya zamani ya alama ya ndoo, iliyobaki katika kumbukumbu yake ya karibu, wakati bodi ilikwisha kuibadilisha alama ile katika kumbukumbu kuu. Tiba yake ilikuwa mistari miwili ya msimbo. Mistari miwili kwa miezi mitatu! Mimi mtahini niliiona mistari, sikuiona miezi.

Jambo la pili ni hodi. Zamani kila pakiti iliyofika ilipiga hodi, na kiini kiliacha shughuli zake kwenda kufungua mlango. Wageni wakiwa wachache huo ni ustaarabu. Wakiwa maelfu kwa sekunde, mwenye nyumba hushinda mlangoni, asipike wala asile, na hata wageni wenyewe hawahudumiwi. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov, walieleza utaratibu uitwao NAPI, ambao hadi leo ni nguzo ya mitandao katika Linux: mgeni wa kwanza hupiga hodi, kisha hodi huzimwa, na mwenye nyumba hutoka mwenyewe kwa zamu kuwachukua waliofika kwa mafungu, hadi msongamano upungue.

Kichakataji cha mtandao huenda mbali zaidi. Fikiria kituo cha pamoja cha mpakani Holili. Malori yasingesogea iwapo kila moja lingesubiri sahihi ya mkuu wa kituo. Maofisa kadhaa hufanya kazi bega kwa bega kwenye madirisha, na lori lenye utata tu ndilo hupelekwa kwa mkubwa. Ndivyo ilivyo kwenye chipu hizo. Intel ilipotoa IXP1200 mwaka 1999, iliweka kichakataji kikuu kimoja na vijichakataji sita vya kushughulikia pakiti. IXP2400 ikawa na vinane, na IXP2800 kumi na sita. Pakiti za kawaida hupita kwa vijichakataji hivyo. Zenye utata hupanda kwa kichakataji kikuu. Duka la Himo linatumia kanuni iyo hiyo: fomu ya mkopo hupewa njia ya mbele, filamu husubiri.

Sasa swali la siasa. Nani anaandika kanuni wanazofuata maofisa wa dirishani? Nani anaruhusiwa kuzisoma? Na zikikosewa, au zikipitwa na wakati, nani ana mamlaka ya kuzirekebisha?

Nusu wazi ni nusu gizani

Historia ya vifaa hivi inatujibu. Jamii ya chipu za IXP4xx, ambazo Intel ilizitoa kwa ajili ya vifaa vidogo vya nyumbani na ofisini, ilikuja na maktaba ya programu iliyokuwa chini ya leseni isiyoruhusu kuingizwa katika kiini cha Linux. Kwa miaka kadhaa mwenye kifaa alikuwa na mfumo huria, isipokuwa mlango wenyewe wa mtandao. Ilibidi waandishi wa kujitegemea waandike kiendeshi kingine tangu mwanzo, nacho kikaingia katika kiini toleo la 2.6.26 mwaka 2008. Hata hivyo programu ndogo inayokaa ndani ya vijichakataji vyenyewe ilibaki imefungwa.

Mfano wa pili unafahamika zaidi. Mwaka 2003 ilibainika kwamba ruta ya Linksys WRT54G, iliyouzwa kwa wingi, ilikuwa na Linux ndani yake. Leseni ya GPL humtaka anayesambaza programu ya namna hiyo atoe pia msimbo chanzo wake. Kampuni ikautoa, na mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao leo unaendesha ruta za aina nyingi mno duniani. Lakini kiendeshi cha sehemu ya redio ya ruta hiyo kilibaki kimefungwa, kimefungamana na kiini cha zamani cha 2.4. Kwa miaka, watu waliokuwa na haki ya kubadilisha mfumo mzima walishindwa kusonga mbele kwa sababu ya faili moja wasiyoweza kuisoma.

Somo ni hili: uhuru wa mfumo hupimwa pale palipofungwa. Mfongo unaweza kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, ukapita kwenye mashamba ya watu wote; lakini mwenye kushika banio la juu ndiye mwenye mfongo.

Mfongo kama katiba

Situmii mfano wa mfongo kwa kupamba maneno. Wachaga walichimba mifereji hiyo kwenye miteremko ya Kilimanjaro kabla ya mkoloni kufika, na wageni wa Ulaya wa karne ya 19 waliiandika kwa mshangao. Maji huchepushwa kutoka kwenye mto katika korongo la juu, yakaongozwa kwa kufuata ubavu wa mlima, hadi vihambani. Hakuna mashine. Kuna macho, jembe na makubaliano.

Makubaliano hayo ndiyo ninayoyataka msomaji ayatazame. Ukoo wa aliyeuchimba mfongo hubaki na heshima yake, lakini maji si ya ukoo huo peke yao. Kuna mzee wa mfongo anayepanga zamu. Kuna siku za kusafisha, na anayetumia maji hutakiwa kufika na jembe lake. Asiyefika hutozwa faini. Palipobomoka, yeyote anayeona ana haki ya kuziba na wajibu wa kutoa taarifa. Na njia ya maji inajulikana na wote, tangu banio hadi tone la mwisho.

Katika Kiswahili tunasema "msimbo chanzo", na sidhani kama tumewahi kulitafakari neno tulilolichagua. Chanzo ni pale maji yanapotokea. Programu huria ni mfongo: mwandishi wa kwanza hutajwa kwa heshima, mtunzaji hupanga zamu, mtumiaji huleta kiraka palipobomoka, na njia inaonekana na wote. Waandishi wa viini vya kompyuta walifikia kanuni ambazo babu zetu walizifahamu. Kwa nini basi sisi warithi wa mifongo tumekuwa wateja wa maji ya chupa?

Na tusidanganyane: uwazi peke yake hautoshi. Msimbo wa jamii ya IXP2000, ambao uliwahi kuwa ndani ya kiini cha Linux, uliondolewa mwaka 2012. Msimbo usio na watu wa kuutumia na kuutetea huwa mzigo kwa wanaoutunza. Mfongo usiosafishwa hufukiwa. Anayesema "programu huria ni bure" hajawahi kushika jembe siku ya kusafisha mfongo.

Tumewahi kujaribu

Kuna watakaosema kwamba haya ni ya watu wa mbali. Si kweli, na historia yetu inawakanusha.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kupitia mradi wa Kilinux. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini naithubutu kusema kwamba tulitafsiri maneno ya barazani, hatukuingia jikoni.

Katika muongo huo huo, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha KTH cha Stockholm zilishirikiana kujenga mtandao wa majaribio katika wilaya za Bunda na Serengeti, mkoani Mara. Huko waliingia jikoni. Badala ya kuagiza ruta za bei kubwa, walitumia ruta zilizojengwa kwa vipuri vya kawaida vya kompyuta na programu huria, kwa kuzingatia matumizi madogo ya umeme, kwa sababu umeme wa vijijini una tabia zake. Miongoni mwa walioandika juu ya kazi hiyo, pamoja na Mtanzania Amos Nungu, ni Robert Olsson, yule yule wa NAPI. Yaani mmoja wa watu waliobuni namna kiini cha Linux kinavyopokea wageni wake alishughulikia mtandao wa Bunda. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kama wamewahi kusikia habari hiyo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Sikuwalaumu, kwa sababu mwalimu wao hakuwahi kuwafundisha.

Pingamizi tatu

Najua majibu yatakayokuja, hasa kutoka kwa ndugu zetu watumishi wa umma, nami nayachukulia kwa uzito.

La kwanza ni usalama. Tukiweka msimbo wazi, wahalifu watausoma. Ni kweli watausoma. Lakini mwizi hazuiwi na mwenye nyumba kutojua madirisha yake mwenyewe. Msimbo uliofungwa haumfungii mhalifu mwenye subira. Unamfungia mwenye mali. Kifaa kinachopitisha taarifa za hospitali na mahakama, ambacho hakuna Mtanzania hata mmoja mwenye haki ya kukikagua ndani, hakiwezi kuitwa salama. Kinaweza kuitwa kimya.

La pili ni huduma. Kampuni kubwa ina namba ya kupiga simu; kijana wa Himo atakufa, atahama, atachoka. Hoja hii ina nguvu, na ndiyo sababu sisemi tumtegemee kijana mmoja. Nasema tuhakikishe kwamba akiondoka, mwingine anaweza kushika jembe. Kwa msimbo ulio wazi hilo linawezekana. Kwa msimbo uliofungwa, siku kampuni inapotangaza mwisho wa maisha ya bidhaa, namba ile ya simu hukujibu kama ilivyotujibu sisi: nunua mpya.

La tatu ni uwezo. Hatuna watu. Hapa ndipo ninapolazimika kusimama kizimbani. Tulikuwa na mtu, tukampa C.

Tufanye nini

Nina mapendekezo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, ununuzi. Tunayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Sidai sheria mpya. Nadai aya moja katika nyaraka za zabuni za vifaa vya mtandao: kwamba mzabuni aeleze iwapo viendeshi vya kifaa chake vina msimbo chanzo ulio wazi, kwamba maelezo ya kiufundi ya kifaa yakabidhiwe kwa mnunuzi, na kwamba siku mtengenezaji atakapoacha kukihudumia, mnunuzi awe na haki na nyenzo za kukihudumia mwenyewe. Jambo hilo lipewe alama katika tathmini, kama tunavyotoa alama kwa dhamana na bei. Afisa ununuzi hahitaji kujua pakiti ni nini ili aulize swali hilo. Anunuapo gari la ofisi huuliza kama vipuri vinapatikana, ingawa hajui kufungua injini.

Pili, vyuo. Tubadili namna ya kupima miradi ya wanafunzi. Kiraka kilichokubaliwa katika mradi mkubwa wa programu huria kimepita kwenye tathmini kali kuliko ya jopo la watahini watatu wanaoisubiri chai ya saa nne. Kijana wangu alinionyesha majibu aliyopata alipotuma kazi yake ya kwanza kwa watunzaji wa kiini: ilirudishwa mara nne. Mara ya kwanza ni kwa sababu aliandika maelezo hafifu. Mara ya pili, hakuachilia kumbukumbu pale kiendeshi kinaposhindwa kuanza. Mara ya tatu, alitumia kufuli mahali pasipostahili. Mara ya nne, nafasi za mistari. Katika miaka yangu yote ya ualimu sijawahi kumsahihisha mwanafunzi kwa umakini wa namna hiyo. Nalisema hili bila kujionea fahari.

Tatu, wanafunzi wenyewe. Msisubiri mitaala. Msimbo wa kiini cha Linux uko wazi tangu Linus Torvalds alipoanza kuusambaza mwaka 1991, na mwanafunzi wa Same ana haki ya kuusoma sawasawa na mhandisi wa California. Anzeni na kidogo: someni kiendeshi kimoja kifupi, mwelewe kila mstari, tafuteni kosa dogo, tumeni kiraka. Mtarudishwa. Rudini tena. Na wanaharakati mnaopigania katiba na uwazi wa mikataba ya madini, naomba mwongeze jambo hili kwenye orodha yenu. Mikataba ya siku hizi mingine imeandikwa kwa msimbo, imefungwa ndani ya chipu, na inatutawala bila kupitia bungeni.

Kabla ya kuondoka Himo

Nilimwomba radhi kijana yule. Si jambo jepesi kwa mwalimu wa Kiafrika kumwomba radhi mwanafunzi wake mbele ya wateja, lakini kosa nililitenda mbele ya jopo, nikaona si haki kuliungama chumbani. Aliinamisha kichwa, akasema, "Yamepita, Mwalimu." Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: je, zile bodi nyingine zilizouzwa siku ile zilikwenda wapi? Yeye alimudu kununua moja tu. Kiendeshi chake kingeziendesha zote.

Zilikuwa kumi na moja. Nilijua jibu, kwa sababu nililiona lori. Zilinunuliwa kwa kilo na mfanyabiashara wa vyuma chakavu.

Sikuweza kumtazama usoni. Nililipa fedha ya kutuma waraka, nikapanda basi la Moshi. Huko juu, upande wa kulia wa barabara, mlima ulikuwa umejifunika mawingu, na mahali fulani chini ya mawingu hayo kulikuwa na mfongo ambao mtu aliuchimba bila kupewa alama na mtahini yeyote, na maji yake bado yanashuka.

Naomba kuwasilisha.